Mwalimu wa Maji na Uji wa Mama

Mwangalie kwanza alivyokuwa siku ya mwisho ya muhula. Mwanamke mfupi, amejaa kiasi, buibui limepigwa pasi hadi linang'aa, amesimama nyuma ya meza ya maabara kule mjini. Macho amejifunga kwa kipande cha leso, fundo likiwa kisogoni. Puani amebana kibanio cha nguo, hivi vya plastiki vya kuanikia. Mkononi ana mwiko wa mbao alioutoa kwenye mkoba wake, na kwa sauti ya mtu mwenye mafua makali anatufundisha habari za mnato.

Tulimwita Mwalimu wa Maji, na mara nyingi Mwalimu tu. Jina analo, tena refu na tamu, la kwao Lamu, ila sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Alifundisha haidroliki kwa sisi wanafunzi wa uhandisi wa ujenzi, watu ambao siku ya kwanza tuliamini maji ni kitu unachofungulia bomba kikaja. Kufikia siku ya mwisho tulikuwa hatuwezi kunywa chai bila kuichungulia.

Desturi ya kibanio ilikuwa yake peke yake. Kila mwanafunzi alileta kitu cha majimaji kutoka nyumbani, ndani ya chombo kilichofunikwa. Yeye haangalii, hanusi, haonji. Anatia mwiko, anakoroga taratibu, anakoroga haraka, anauinua, anasikiliza matone, kisha anataja. Akikosea hata kimoja, darasa zima linaalikwa biriani nyumbani kwake Ngara. Biriani hiyo tuliisikia kwa waliotutangulia, nao waliisikia kwa waliowatangulia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuila.

Tulijaribu, wallahi tulijaribu. Watu walileta maziwa ya mala, sabuni ya vyombo, mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika, kastadi iliyolala. Msichana mmoja wa Ngara, ambaye mama yake ana saluni, alileta jeli ya nywele. Mwalimu akaikoroga kwa mwiko, akacheka. "Hii ukiiacha inasimama wima, ukiikoroga inalegea. Jeli ya nywele. Ile ya kijani."

Darasa lilipiga kelele. "Madam, hiyo green umejuaje? Umepiga chabo!"

"Nyote mnapaka hiyo ya kijani," akajibu puani. "Macho ya nini?"

Halafu kuna jamaa mmoja wa viti vya nyuma, mjuaji kupita kiasi, aliyeamua kummaliza. Alileta sufuria imefunikwa kwa karatasi ya fedha, ameibeba kwa mikono miwili, anatembea polepole eti isimwagike. Sufuria ilikuwa tupu. Mwalimu akatia mwiko, akazungusha, akazungusha tena. Tukaziba midomo.

"Hewa," akasema. "Nayo inatiririka, nayo ina mnato, nayo ina uzito. Umefanya vizuri sana, mwanangu. Sasa njoo hapa mbele utueleze sifa zake."

Jamaa alisimama pale mbele mpaka kipindi kikaisha, jasho likimtoka, akieleza sifa za hewa mbele ya watu waliokuwa wanagalagala. Hewa na maji vyote hufuata umbo la chombo, alimsaidia Mwalimu, ila hewa inabanwa na maji hayakubali. Mpaka leo yule jamaa anaitwa Hewa. Ni mhandisi mkubwa, ana kampuni, na bado ni Hewa.

Kitu kimoja hakikumchekesha. Ukisema mafuta ni mazito kuliko maji, alishika kifua, akakaa chini. "Mazito? Yakimwagwa yanakaa wapi?" Juu, Mwalimu. "Basi uzito wake uko wapi? Ni mazembe tu, hayo. Kuna uzito na kuna uzembe, msinichanganyie." Mnato kwake ulikuwa uzembe wa kutiririka, na alipenda kutupanga sisi wenyewe kwa mnato. Waliochelewa kuingia darasani walikuwa asali. Waliotoka mbio kabla hajamaliza walikuwa mafuta ya taa. Mimi nilikuwa uji, na hiyo ina sababu yake, nitaifikia.

Yeye mwenyewe alikuwa na mambo yasiyoeleweka. Amezaliwa kisiwani na hajui kuogelea. Bahari, alisema, ni maji mengi mno mahali pamoja, hayana adabu. Alitembea na mwavuli Nairobi hii hata Januari, jua linapasua, na dimbwi dogo la mvua alilizunguka kwa mbali akiinua buibui. Alitufokea kwa kupoteza maji, halafu bomba la jikoni kwake lilikuwa likidondoka ndani ya karai mwaka hadi mwaka. Fundi akija anafukuzwa. Alipenda kulisikiliza. Alikuambia kama ni asubuhi ya baridi au mchana wa joto kwa jinsi lilivyodondoka, na sisi tuliokwisha kukaa kwake tukaanza kuamini tunasikia tofauti.

Bomba lile lile ole wako ulifunge kwa ghafla. "Taratibu! Maji yanakuja mbio, unamfungia mtu mlango usoni?" Ni kweli, ukilifunga ghafla mabomba ya jengo zima yalipiga kishindo ukutani, na jirani wa juu akagonga sakafu.

Chai ya Nairobi aliidharau. Huku tuko juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. "Yanaruka ruka tu," alilalamika, "yanajifanya yamechemka. Ndiyo maana maharagwe yenu hayaivi na mnamlaumu mpishi." Hata hivyo aliinywa chai hiyo siku nzima. Alijaza glasi mpaka ukingoni, halafu akazidisha, tone kwa tone, mpaka chai ikavimba juu ya ukingo bila kumwagika, akatuita tuje tuone jinsi uso wa maji ulivyojishika. Kisha alichukua mahamri, akayagusisha chai kwa ncha, akangoja. Chai ikapanda yenyewe ndani ya mahamri. "Inapanda, inapanda! Nani kaivuta?" Alikuwa ameliona hilo maisha yake yote na bado alipiga kofi kwa furaha. Kuta za ploti nyingi za Riruta, majengo ya vyumba vya kupanga, zinalowa kwa njia hiyo hiyo, maji yanapanda kutoka chini ya ardhi, na mimi niliyekulia humo nilifikiri ni mvua. Nilipomwambia mwenye ploti wetu akaniangalia akaniuliza kama shuleni ndiko wanakofundisha kusingizia ardhi.

Sasa uji.

Mama yangu anapika uji wa wimbi, yaani ulezi, ule wa kuchachushwa, na Riruta nzima inajua. Hakuna harusi, hakuna mkutano wa akina mama wa kanisa, hakuna aliyejifungua, bila ndoo ya Mama Ciru. Ciru ni mimi. Mama hana makuu katika mambo mengine, lakini kwenye uji ana kiburi ambacho hakina dawa. Kwa hiyo muhula wangu wa kwanza kwa Mwalimu, nikitafuta kitu cha kuleta, nilichukua ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko nikajaza uji wa nyumbani.

Mwalimu alitia mwiko. Alikoroga, akatulia, akakoroga tena. Uso wake chini ya leso ulilainika.

"Uji. Wimbi. Umechachuka vizuri kabisa, aliyeupika ana mkono," akasema. Nikaanza kuvimba kichwa. "Lakini asubuhi umeongezwa maji baridi. Juu mwepesi, chini unavuta. Haujakaa pamoja."

Darasa lilikufa kwa kicheko. Nilikwenda nyumbani nikasimulia nikicheka, na huo ndio ulikuwa upumbavu wangu. Mama aliweka chini kisu cha kukatia sukuma wiki.

"Ati nani? Nani amesema naongeza maji kwa uji yangu?"

"Mwalimu, Mama. Hata hakuona, alikuwa amefunga macho."

"Amefunga macho na anaona maji?"

Ukweli ni kwamba asubuhi ile wageni wa kanisa walikuwa wamepita bila taarifa, na uji ulikuwa umenyooshwa kwa maji kidogo. Mama hakuona hilo linahusiana na chochote. Alivaa gauni la Jumapili siku ya katikati ya wiki, akafunga kitambaa cha kichwa, akanipeleka mjini mbele yake. Alimkuta Mwalimu mlangoni mwa maabara.

"Wewe ndio umesema mimi naongeza maji kwa uji?"

"Ciru mwanangu, mpe mama kiti."

"Sitaki kiti."

"Haya, tusimame. Mama Ciru, uliongeza au hukuongeza?"

Wanafunzi wote walikuwa kwenye korido wamejipanga ukutani. Mama aliangalia dari. Aliangalia viatu vyake. "Ilikuwa kidogo tu," akasema, "na ni wageni walikuja."

Mwalimu akacheka mpaka akashika mlango, mama akajaribu kukasirika, ikashindikana, naye akaanza. Waliingia ndani wakafunga. Walipotoka Mwalimu alikuwa anajua namna ya kusaga wimbi na mama alikuwa amejifunza neno mnato, ambalo tangu siku hiyo analitumia kanisani kila anapopata nafasi.

Ndivyo vita vyao vilivyoanza. Kila muhula mama alipeleka ndoo. Nilipomaliza masomo hakusimama, alimtafuta mwanafunzi yeyote wa Dagoretti anayesoma pale akambebesha. Alitia ndizi mbivu iliyopondwa, akatia malenge, akatia unga wa nduma, alimradi mwiko udanganyike. Mwalimu alitaja vyote. Na ndoo haikurudi tupu hata siku moja: visheti, tambi za sukari, mahamri ya iliki, kachumbari ya embe. Mama alikula visheti vile akisonya. "Safari ijayo," alisema, "nitamtoa jasho." Walipigiana simu kila jioni ya Mungu. Mmoja anatoka msikitini, mwingine anatoka mazoezi ya kwaya, na wanabishana kuhusu kisamvu.

Mimi nilimtumia kwa shida zangu. Kazi yangu ya kwanza ya kujitegemea ilikuwa Loresho, nyumba kubwa mlimani, pampu mpya kabisa ilikuwa inanguruma na kukwaruza ndani yake kana kwamba inatafuna kokoto. Mwenye nyumba alisimama juu yangu na mikono nyuma. Nilimpigia Mwalimu.

"Weka simu kwenye pampu," akaniambia. Nikaweka. Alisikiliza kwa muda. "Masikini. Yanachemka."

"Mwalimu, maji ni baridi, nimeshika bomba."

"Na baridi yake. Umeiweka juu mno, inavuta maji kwa taabu, shinikizo linashuka mpaka yanachemka bila moto. Vipovu hivyo ndivyo vinavyoitafuna. Ishushe karibu na tangi, Ciru. Na ule, sauti yako ina njaa."

Niliishusha. Ikanyamaza. Mwenye nyumba akanitafutia chai kwa mkono wake mwenyewe, nikaijaza mpaka ikavimba juu ya ukingo, nikamwita aje aone.

Kisha Mwalimu akapata kiharusi.

Alipona upesi kuliko tulivyoogopa. Mdomo ulirudi, miguu ilirudi, na ulimi ulirudi kabla ya vyote. Mkono wa kulia ndio uliobaki nyuma. Uliweza kujikunja ukisaidiwa, lakini haukuhisi kitu, si joto, si baridi, si ncha ya sindano. Dada yake wa Lamu alimtuma binti yake aje kumuuguza, na akatayarisha chumba huko nyumbani, chenye dirisha, akisema imetosha, mtu arudi kwao. Chuoni walikuwa wanangoja neno lake.

Alimpigia mama simu mchana mmoja. Niliisikia kwa sababu mama huweka simu zote kwa sauti kubwa, hata za siri.

"Mama Ciru, lete ndoo yako Jumamosi. Nikiujua uji, muhula ujao naingia darasani. Nisipoujua, nakwenda Lamu kwa dada, sirudi. Mwalimu wa maji asiyeyahisi maji anakaa kufanya nini?"

"Sawa, Mwalimu," mama akasema, akakata. Hakubisha hata neno. Hapo ndipo nilipoogopa, maana sikuwahi kumsikia akimkubalia mtu yule jambo lolote bila kubishana kwanza.

Jumamosi asubuhi tulipanda ngazi za jengo lake Ngara, chini wauza nywele wakipanga mafungu yao, mama akiwa mbele na ndoo aliyoifunga kwa kitambaa. Ndani palinukia zafarani na vitunguu vya kukaanga. Nilidhani kuna wageni. Binti wa dada alikuwa jikoni na masufuria, bomba likidondoka ndani ya karai.

"Karibuni, piteni," Mwalimu akasema. Alikuwa amekonda, lakini buibui limepigwa pasi. Kibanio kilikuwa tayari mezani, na leso, na mwiko.

"Tumia mkono wa kushoto," nikamwambia.

"Wa kushoto haujui kitu, haukusoma. Nifunge macho."

Nilimfunga. Nilimbana kibanio. Nilivikunja vidole vyake vya kulia kimoja kimoja kuzunguka mwiko, navyo vilikuwa baridi na vilinitii tu. Mama alifunua ndoo, akaenda kusimama dirishani, akawa anaangalia Ngara huku anaisokota leso yake ya mkononi.

Mwalimu akakoroga. Alikoroga kwa bega zaidi, mwiko ukigonga ukuta wa ndoo. Akatulia. Akainua, matone yakaanguka. Akakoroga tena. Nilitaka kumnong'oneza, Mungu anisamehe, nilikuwa nimefungua mdomo.

"Uji," akasema. "Wa wimbi. Umechachuka." Akauzungusha mwiko mara moja zaidi. "Na umeongezwa maji baridi."

Mama aligeuka mzima mzima. "Sikuongeza! Mwalimu, usinianze! Mimi niongeze maji, leo? Kwa ndoo yako?"

"Umeongeza, Mama Ciru."

"Sijaongeza hata tone! Hiyo mkono yako ndio inasema uongo!"

Walikuwa wanapiga kelele wote wawili, mmoja na kibanio puani, na mimi nilikuwa nalia na kucheka bila kujua nianze na kipi. Alijua! Mkono umejua! Jirani wa juu akagonga sakafu. Tulikunywa chai, tukachovya mahamri, mama akaendelea kukataa mpaka mlangoni. Tulipokuwa tunaondoka binti wa dada alinipa ndoo, nzito na ya moto chini, imefungwa kwa kitambaa kile kile.

Tulirudi kwa gari langu, ndoo miguuni kwa mama, mpaka tukaingia Naivasha Road. Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Nilimwaga maji ndani, kikombe mzima," akasema.

"Mama!"

"Kikombe mzima, Ciru! Ile kubwa ya baba yako!" Alikuwa anapiga dashibodi kwa kiganja. "Uji ikiwa safi, atajuaje, na mkono imelala? Lakini ile ya maji anaikumbuka. Hiyo hawezi kosa. Wacha aseme mimi naongeza maji. Aambie Lamu yote. Bora asiende."

Sikuweza kuendesha. Nilisimama kando ya barabara, watu wakatupigia honi, tukacheka mpaka machozi yakanidondokea kwenye usukani. Mama yangu, mwenye kiburi kisicho na dawa, alikuwa ameuharibu uji wake kwa mkono wake.

Nyumbani alifungua ndoo mezani. Alifungua, akafunika, akafungua tena.

Ilikuwa biriani.

Ilikuwa biriani yenyewe, ile ya hadithi, wali wa zafarani juu na nyama chini, vitunguu vimekuwa kahawia. Ilikuwa imepikwa kabla hatujafika. Mama aliangalia ndoo, akaniangalia, akachukua simu, akaiweka kwa sauti kubwa.

"Biriani ya nini, Mwalimu? Si umeshinda?"

"Nimeshindwa," Mwalimu akasema. "Mkono haukusikia kitu, Mama Ciru. Ningekoroga saruji nisingejua. Nilijua tangu juzi nitashindwa, nikawasha moto."

"Lakini ulisema uji! Ukasema maji!"

"Ungeniletea nini kingine kama si uji? Na maji, nakujua wewe. Nilijua utayatia ili nisikose."

Mama akaangalia dari. "Sikutia."

"Haya, hukutia."

Kwenye simu tulisikia bomba likidondoka. Mama alikaa kitini polepole, biriani mbele yake. "Kwa hivyo unaenda," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, ya kitoto. Sikuwahi kuisikia.

"Niende wapi? Wewe, na kiburi chako chote, umeutia uji wako maji kwa ajili yangu, halafu nikuache? Dada nitamtembelea Idi. Muhula ukifunguliwa naingia darasani. Mwiko watashika wanafunzi, wanieleze wanachohisi, mimi nitawaambia wamekosea."

Mama alifuta macho kwa kitambaa cha ndoo. Akachukua kijiko, akachota biriani, akatia mdomoni. Alitafuna muda mrefu huku machozi yanamtoka. Iliyomjia usoni ilikuwa furaha tupu, nami naijua sura yake anapokula kitu kitamu. Kisha akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Mwalimu."

"Ee."

"Hii wali yako imezidi maji."